Jozi za disko: nilipofikia

Mixi ya saa moja: wimbo wa zamani unaanza, ukikolea unaupisha ule uleule ulivyorudiwa kwa disko, bila ngoma kukatika. Ndiyo kazi inayonikesha siku hizi.

"Never Can Say Goodbye" imekaa. Jackson 5 waliitoa 1971, Michael akiwa bado mtoto, Gloria Gaynor akaja nayo 1974. Hapa nimemwiga tu Tom Moulton, fundi wa kuchanganya nyimbo za disko, ambaye kwenye albamu ya Gaynor ya 1975 aliunganisha nyimbo tatu za upande wa kwanza bila kuacha pengo, mchezaji asipate sababu ya kwenda kukaa. Maneno ni ya mtu anayeshindwa kuachana na mpenzi wake, lakini miguu haina habari. Hicho ndicho ninachokitafuta katika kila jozi: majonzi yabaki, mwendo ubadilike.

"Sunny" ina majonzi zaidi. Bobby Hebb aliitunga baada ya kaka yake kuuawa Nashville, Novemba 1963, siku zilezile Rais Kennedy alipopigwa risasi. Ilitoka 1966, na miaka kumi baadaye prodyuza Frank Farian akaifanya disko na kundi lake Boney M. Kasi si tatizo, Audacity, programu ninayohariria sauti, inaiongeza bila kugusa ufunguo, yaani kimo cha sauti ya wimbo. Tatizo ni kwamba Hebb anapandisha ufunguo kadiri wimbo unavyokwenda, kwa hiyo kila kipande unachokata kina sauti yake. Nimechukua mwanzo tu, nikausogeza mpaka ukakutana na Boney M. Besi ikiingia hapo, acha kabisa.

Iliyonitoa jasho ni "Don't Let Me Be Misunderstood". Nilitaka Nina Simone wa 1964 akabidhi moja kwa moja kwa Santa Esmeralda wa 1977. Haikubali. Nina anaimba taratibu, kama anayeomba radhi, na ile midundo ya gitaa tunayoijua wote kwake imejificha mwishoni. The Animals ndio walioivuta mbele 1965, na Santa Esmeralda wakaifuata hiyo, wakaongeza makofi na gitaa la Kihispania. Kwa hiyo sasa ni watu watatu: Nina mistari miwili, Animals kama daraja, halafu Leroy Gomez, mwimbaji wa Santa Esmeralda. Toleo lao refu linapita dakika 15. Nimelifyeka bila huruma, isipokuwa makofi. Makofi hayaguswi.

"MacArthur Park" imenipa raha. Richard Harris (1968) anaanza polepole, na Donna Summer (1978) naye anaanza polepole vilevile, hivyo unaweza kuwabadilisha katikati ya utangulizi na msikilizaji asishtuke mpaka ngoma ilipuke. "Knock on Wood" sikuhangaika nayo: Eddie Floyd anamaliza, Amii Stewart anaingia kwa kishindo, basi. Kusema kweli, tarumbeta za Floyd bado zinanichezesha zaidi.

Limebaki ombi la shemeji. Anadai bila "Malaika" ya Boney M., ya 1981, mixi haijakamilika. Nimeiweka kwenye faili, nimeisikiliza, nimeitoa, nimeirudisha. Kila ikianza namsikia Fadhili William, na kwa Fadhili sitaki kukata hata sekunde. Shemeji kasema atakuja Jumapili tubishane vizuri, spika zikiwepo.