Jani la mukinduri

Jumapili, saa mbili usiku. Mvua imenyesha tangu saa kumi na viatu vyangu bado vina tope la msitu wa Karura, hapa Nairobi. Mezani nimeweka jani moja la mti wa mukinduri, nimelilaza kifudifudi, kwa sababu uzuri wake uko upande wa chini. Juu ni kijani kama majani mengine. Ligeuze, unakuta rangi ya fedha na mishipa iliyoinuka hadi ukipitisha ukucha unaweza kuihesabu. Upepo ukivuma, mti mzima hubadilika rangi mbele ya macho yako. Herini ninazotaka kutengeneza ni za umbo la jani hilo wakati linapogeuka.

Nilipoanza kazi hii, nilidhani pambo la msitu lazima litoke msituni. Nilikuwa naingia Karura na begi tupu na kutoka nalo limejaa mbegu. Tunda la mukinduri ni gumu, na ukilipasua unakuta mbegu tatu, kila moja katika chumba chake. Nilizitoboa, nikazitunga mikufu, zikanunuliwa vizuri. Kisha dada mmoja wa Buruburu akanirudishia wake. Alikuwa ameuvaa juu ya blauzi nyeupe, na unga mwembamba wa kahawia ulikuwa umemwagika kifuani. Kila mbegu ilikuwa na kitundu kidogo cha duara. Dumuzi walikuwa ndani muda wote huo, wakila. Nilimrudishia pesa zake na sikulala vizuri siku kadhaa. Nilikuwa nimeuza chakula cha wadudu, na kabla ya hapo kilikuwa chakula cha kima na hondohondo.

Wiki chache baadaye askari wa msitu alinisimamisha njiani. Hakufoka. Aliangalia begi, akaniuliza, "Dada, hizi unazipeleka wapi?" Nikamweleza. Akasema, "Sasa kila anayeingia hapa Jumapili akijaza begi kama lako, itabaki nini ya kuota?" Kuchukua mazao ya msitu bila kibali ni kosa kisheria, na angeweza kunipeleka mbali siku ile. Aliniruhusu nizimwage chini ya miti na kwenda zangu. Huu ni msitu ambao Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alipigwa hadi kutoka damu kichwani, Januari 1999, alipokwenda kupanda mti ardhi ikiwa imeanza kugawiwa watu wa majengo. Nilikuwa nayajua hayo tangu shuleni. Ila siku ile ndipo niliposimama pale na begi mkononi nikaona aibu.

Nikajaribu shanga za mbao. Muhugu ni mti mzuri ajabu, mgumu, wenye harufu tamu, na unaota humu humu Nairobi. Ndiyo maana wachongaji wa vinyago waliumaliza sehemu nyingi, maana hukua polepole mno. Wengi wao sasa wanachonga mwarobaini, mwembe na jakaranda. Muhugu niliuacha kabla sijamaliza hata kipande cha kwanza.

Kwa hiyo siku hizi msituni nachukua umbo tu. Malighafi natafuta mjini.

Mjini hapa brasi haikosekani: mifereji mibovu ya kufungulia maji, kufuli zisizofunguka, vitasa. Naenda kwa wauza skrapu na sumaku mfukoni. Kufuli ikinaswa na sumaku, hiyo ni chuma kilichopakwa rangi ya brasi, naiacha. Mfereji unaong'aa kama kioo naukwaruza kwa tupa, na ndani unatokea umanjano. Jambo moja nalichunga: brasi ya mifereji ya zamani mara nyingi huwa na madini ya risasi kidogo, ambayo ni sumu, kwa hiyo bangili za watoto wachanga sitengenezi, hata mteja aniombe vipi. Mtoto hutia kila kitu mdomoni.

Kusubu, yaani kumimina brasi iliyoyeyuka kwenye kalibu ya mchanga, nafanya Kariobangi, kwa mzee mmoja mwenye tanuri la makaa na feni. Mchanga tunauchekecha, tunauchanganya na udongo kidogo na maji, mpaka ukiufumbata unashikana bila kuchafua kiganja. Jani peke yake ni jembamba mno. Brasi ingeganda kabla ya kufika ncha. Kwa hiyo nalibandika kwanza juu ya nta, naikata nta kufuata ukingo, ndipo naikandamiza mchangani. Tunanyunyiza vumbi la mkaa ili sehemu mbili za kalibu zisigandane, tunaitoa nta, tunachonga mfereji wa kumiminia, tunafunga. Brasi huyeyuka ikipita nyuzi 900 hivi. Ikizidishiwa moto, zinki iliyomo huanza kuungua na kutoa moshi mweupe. "Msichana wangu, ukiona mweupe, rudi nyuma," mzee huniambia kila mara, kana kwamba ni siku yangu ya kwanza. Nami hurudi.

Baada ya hapo ni mkono tu: msumeno, tupa, msasa. Nalipenda neno hilo. Msasa ni mti pia, mti wenye majani yanayokwaruza, na kabla ya karatasi za dukani mafundi walisugulia mbao majani yake. Jina likabaki. Kila nikisugua naukumbuka.

Ijumaa tulimimina majani sita. Mawili tu ndiyo yaliyotoka na mishipa hadi ukingoni. Manne yalikuwa laini kama sarafu iliyochakaa, yakarudi kwenye chungu cha kuyeyushia, hayakupotea. Nadhani chembe za mchanga zilikuwa kubwa. Kesho nitauchekecha kwa kitambaa cha mtandio wangu wa zamani.

Jani la leo sikulitoa Karura. Nimelichuma kwenye ua wa mikinduri ulioko nyuma ya ploti yetu, baada ya kumwomba mwenye ua. Limeanza kujikunja ncha. Ngoja niwashe jiko niyeyushe nta, nilibandike kabla halijakauka.