Siku Baba Aliposoma Nguzo ya Palermo

Baba alichuchumaa mbele ya mlango, akakataa kuondoka. Tulikuwa ndani ya Martorana, kanisa lililoanzishwa Palermo, kisiwani Sicily, Italia, mwaka 1143 na Giorgio wa Antiokia, amiri wa majeshi ya baharini ya Roger II, mfalme wa Sicily. Wageni wengine walikuwa wameinua vichwa kutazama picha za vijiwe vya dhahabu kutani. Baba alikuwa na ubao wake tu, mlango wa zamani uliochongwa karne hiyo hiyo. Alikuwa akiupima kwa shubiri hewani, bila kuugusa, midomo ikihesabu.

"Aliyechonga hapa ana mkono wa Kiarabu," alisema. "Tazama nakshi inavyoingia pale ikatokea huku. Mkato huu fundi wangu alinishikisha mwaka mzima."

Ilikuwa Novemba 2018. Baba, mchonga milango wa Mji wa Kale, Mombasa, alikuwa na miaka 71, na safari yake ya pekee ng'ambo ilikuwa ya Hija. Sicily alikuja kumwona mdogo wangu aliyekuwa akisoma huko, nami nilimsindikiza. Majumba ya kale hakuyataka. Jana yake tulipompitisha Fontana Pretoria, ile chemchemi iliyozungukwa na masanamu yaliyo uchi, aliinamisha uso akaharakisha mwendo. Kumbe tulianzia pasipo pake.

Kutoka Martorana tulipanda barabara ambayo kwenye ramani ni Via Vittorio Emanuele. Wenyeji huiita Cassaro. Mdogo wangu alipoeleza kwamba jina hilo limetokana na al-qasr, Baba alisimama katikati ya watu.

"Kasri?"

"Ndiyo, Baba. Kasri."

Waarabu waliuteka mji huu mwaka 831, na Wanormani, Wakristo waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, wakauchukua kwao mwaka 1072. Kasri lenyewe lipo bado mwisho wa barabara, Palazzo dei Normanni, na bunge la Sicily hukutana humo hadi leo. Ndani yake mna kanisa dogo la Roger, Cappella Palatina. Wengi wafikao Palermo hukimbilia makaburi ya watawa Wakapuchini kutazama maiti zilizokaushwa. Mimi nasema ukiwa na saa moja tu mjini, ingia humu, uangalie juu. Dari ni la mbao, limechongwa vijumba vidogo vidogo vinavyoning'inia kama masega ya nyuki, na kila kijumba kimepakwa rangi: wapiga ala, watu wa vilemba wameketi, simba, ngamia. Ndani ya kanisa la Kikristo! Na kuzunguka picha hizo kuna maandishi ya Kiarabu, dua za kumtakia mfalme mema. Kutoka chini hayasomeki, lakini mtembezaji wetu alikuwa na picha zake, akatusomea taratibu huku akifuata kwa kidole.

"Baraka. Salama. Afiya."

Baba alinigeukia. "Hayo si maneno yetu?"

Sikuweza kumjibu, koo lilikuwa limenikaba. Maneno ambayo bibi yangu alikuwa akituagia nayo mlangoni yalikuwa pale juu, kwenye mbao za miaka karibu 900.

Nje ya kasri kuna bustani ya minazi-minazi hivi, mitende mirefu, nasi tulikaa humo tukala machungwa. Hapo ndipo mdogo wangu alipotoa jambo alilokuwa amelificha tangu tufike. Roger, pamoja na Ukristo wake, alimwita hapa al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu, amwandikie kitabu cha dunia nzima. Wasafiri na mabaharia walihojiwa kwa miaka 15. Kitabu kikakamilika mwaka 1154 pamoja na ramani zake, kusini ikiwa juu na kaskazini chini.

"Na pwani yetu imo," alisema.

Malindi imeandikwa kuwa mji mkubwa wa ufukweni, watu wake wavuvi na wawindaji, tena wachimbao chuma na kukiuza. Mombasa ni mji mdogo, lakini mfalme wa Wazanji, jina ambalo Waarabu waliwaita watu wa pwani yetu, anakaa humo.

Nilihesabu. Shuleni kwetu historia ya Mombasa ilianza siku Vasco da Gama alipotia nanga, mwaka 1498. Nilikariri mwaka huo, nikapata alama zangu, nikaamini. Na kumbe miaka 344 kabla yake, hatua chache kutoka tulipokuwa tumeketi, mtu alishachovya kalamu akaandika jina la mji wangu.

"Mji mdogo," Baba alirudia, akikusanya maganda ya machungwa kwenye leso. Hakuongeza neno mpaka tulipofika kanisa kuu.

Kanisa hilo lilijengwa mwaka 1185 mahali palipokuwa na msikiti. Kwenye ukumbi wa mlango wa kusini, nguzo ya kushoto ina maandishi yaliyochorwa kwenye jiwe. Herufi ni za kale, na Baba alihangaika na neno la kwanza, la pili, kisha sauti ikafunguka yenyewe, kwa kuwa aya alikuwa nayo moyoni tangu chuo cha Kurani: ya 54 ya Sura ya Al-A'raf, usiku unaoufunika mchana, na jua na mwezi na nyota vikitii amri Yake. Aliisoma mpaka mwisho. Watu waliokuwa wakiingia walimpisha.

Tulikata tiketi tukaingia ndani, yalipo makaburi ya wafalme. La Roger ni la jiwe jekundu la kiza, zito, lisilo na mapambo mengi. Baba alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasogea karibu kadiri uzio ulivyoruhusu, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ile anayobishia hodi nyumba za watu:

"Sisi ni watu wa Mombasa."