Bequia hadi Tobago Cays: siku moja ya nahodha

Njia ni karibu maili 25 za baharini, kutoka Admiralty Bay kisiwani Bequia kwenda kusini hadi Tobago Cays, zote zikiwa Saint Vincent na Grenadines, nchi ya visiwa katika Bahari ya Karibi. Chombo ni yoti ya futi 40, marafiki sita ndani, mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, unashuka mita 2 majini. Siku nzima naipanga kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa 6 mchana. Penye matumbawe jicho ndilo ramani, na jicho halioni kitu jua likiwa chini.

Saa 11 alfajiri

Kwanza utabiri. Miezi hii ya mwanzo wa mwaka upepo hutoka mashariki, kwa kawaida noti 15 hadi 20 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Ukizidi 25 tunabaki, kwa sababu mlango kati ya visiwa uko wazi kwa Atlantiki na mawimbi hayana cha kuyazuia.

Kisha injini: oili, maji ya kupoozea, mkanda, na mwisho chujio la maji ya bahari. Hapo ndipo matatizo mengi huanzia. Mwani wa sargassum, wa rangi ya kahawia na vijipovu kama punje za pilipili manga, hufyonzwa ndani. Ukifungua kifuniko unaukuta umeshindiliwa kama majani ya chai chini ya birika. Maji yasipopita, pampu inazunguka kavu na mabawa yake ya mpira yanakatika. Ukifunga mapya, hesabu vipande vya yale ya zamani. Kimoja kikikosekana kimekwama mbele kwenye bomba, na injini itachemka tena. Ukishawasha, chungulia kwenye tezi, yaani nyuma ya chombo: maji lazima yarushwe pamoja na moshi.

Anayesumbuliwa na bahari ameze dawa sasa hivi. Akishaanza kutapika haitamsaidia tena.

Saa 1 asubuhi

Nanga juu. Tanga kuu tunalipandisha tungali ndani ya ghuba, likiwa limeshapunguzwa mkunjo mmoja. Wageni huuliza kwa nini tunapunguza tanga ilhali maji yametulia. Yametulia kwa sababu kisiwa kinatukinga. Tukishapita West Cay, ncha ya kusini-magharibi ya Bequia, upepo unatupiga wote kwa pamoja. Ndani ya ghuba kazi hiyo ni ya dakika tatu. Nje, chombo kikiyumba, inahitaji watu watatu na ni rahisi kuumiza vidole kwenye henza, kamba ya kupandishia tanga.

Saa 2 hadi saa 5

Upepo uko ubavuni, mwendo noti 6. Kosa la kila mgeni ni kuelekeza omo, yaani mbele ya chombo, moja kwa moja kwenye kisiwa cha Canouan kilicho njiani. Mkondo unasukuma kuelekea magharibi, na ukiwa wa noti moja tu, baada ya saa tatu umeshapoteza maili tatu. Kuzirudisha ni kubisha, yaani kwenda kwa kupinda-pinda, dhidi ya upepo na mawimbi kwa zaidi ya saa moja, na saa hiyo ndiyo inayokunyima jua la utosini. Kwa hiyo tunashika mashariki zaidi tangu mwanzo na kumwachia mkondo kazi yake.

Saa 5 na nusu

Matanga chini, injini polepole, mtu mmoja asimame omoni na miwani ya kukata mng'ao. Buluu iliyokolea ni kina kirefu. Feruzi ni mita 3 hadi 5 juu ya mchanga. Nyeupe ni maji haba, na kahawia ni matumbawe: hapo hatupiti. Kivuli cha wingu hufanana sana na mwamba, ila kivuli kinasogea. Subiri nusu dakika.

Aliyejifunza bahari Mombasa au Unguja ana mambo mawili ya kusahau. Kwao boya jekundu huwa kushoto chombo kikiingia bandarini. Karibi ni kulia. Na kule bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, hupandisha maji karibu mita 4, huku kujaa na kupwa havifiki mita moja. Ukikwama mwambani usitegemee maji yajae yakunyanyue.

Saa 6 mchana

Tunapita katikati ya visiwa vidogo vya Petit Rameau na Petit Bateau, kisha tunatia nanga nyuma ya mwamba wa matumbawe wa Horseshoe Reef, kwenye mchanga mtupu. Kina mita 4, ongeza mita 1 ya urefu wa omo, zidisha kwa 7: mnyororo mita 35. Vuta nyuma kwa injini, halafu piga mbizi uitazame nanga yenyewe. Ikiwa imelala kwenye nyasi za bahari badala ya kuzama mchangani, itaburura usiku. Ukichukua boya la kufungia chombo badala ya nanga, lipigie mbizi vilevile. Kamba zake huliwa chini usikoona.

Saa 8 mchana

Kasa uziwa hula nyasi karibu na kisiwa cha Baradal, ndani ya mstari wa maboya. Boti ya mpira inabaki nje, tunaogelea. Kasa akipanda kuvuta pumzi, asizuiwe njia wala kuguswa. Pwani, mti wa manchineel una tunda la kijani kama tufaha dogo. Tunda ni sumu, utomvu unachoma, na hata mvua ikinyesha usijikinge chini yake.

Kimbunga Beryl cha Julai 2024 kiliharibu vibaya Union na Mayreau, visiwa jirani, basi usitegemee kitabu cha zamani kwa gati wala duka. Njoo na maji, chakula na dizeli yako.

Saa 3 usiku

Napima kwa dira pembe za vilima viwili na kuziandika. Mwamba unazuia mawimbi lakini hauzuii upepo. Nyota za mashariki zikianza kufunikwa na wingu jeusi, kuna dakika chache tu kabla ya dhoruba fupi ya noti 30 na zaidi: washa injini, weka mtu usukanini, pima tena. Pembe zote mbili zikibadilika, nanga inaburura: achia mnyororo mita 10 zaidi, mradi nyuma kuna nafasi.