Nilivyowapata waendeshaji wa roboti yetu

Mwaka wa kwanza nilimpa maneti, kile kidude cha vitufe cha kuendeshea roboti, kijana ambaye hapa kwetu Katuba, Lubumbashi, hakuna aliyemweza kwenye michezo ya video. Sikumjaribu. Vidole vyake ni vyepesi kweli, ila nilipomwambia "acha hicho, rudi nyuma", hakunisikia. Aling'ang'ania kitu kimoja kilichokwama pembeni mpaka muda ukaisha. Kosa lilikuwa langu.

Tunafuata kanuni za FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi: roboti hujiendesha yenyewe kwa sekunde 30, kisha wanafunzi wawili huiendesha kwa dakika 2. Kwetu mmoja hushika magurudumu, mwingine mkono wa roboti. Kocha husimama nao na kusema tu, maneti hagusi. Asiyesikiliza basi hafai, hata awe na vidole vya namna gani.

Safari iliyofuata nilichora uwanja kwa chaki kwenye saruji ya shule, mita 3.66 kila upande, nikapanga mabidoni (madumu) matupu. Kila mwanafunzi aliendesha roboti kuyazunguka huku wenzake wakipiga kelele makusudi. Wengi hushindwa pale roboti inapogeuka na kuwajia: kushoto kwake ni kulia kwako, na kidole kinasukuma kusiko. Nilihesabu makosa, lakini hasa niliangalia mtu anafanya nini akishakosea. Msichana mmoja mpole, ambaye hata jina hakuwa ameandikisha, aliangusha mabidoni mawili. Akaniambia, "Yaya, nilitazama mkono, nikasahau magurudumu. Naweza kurudia?" Aliporudia hakuangusha hata moja. Nikampa magurudumu.

Wa mkono nilimtafuta kwa kuwajaribu wawili wawili. Wapo waliokuwa hodari peke yao, lakini wakiwekwa pamoja wananyamaza au wanagombana. Aliyeelewana naye zaidi ni yuleyule kijana wa michezo ya video. Walikubaliana maneno matatu tu: "fika", "shika", "toka".

Umeme ukikatika, batri zilisubiri usiku ndipo zichajiwe. Sikuwaruhusu kufanya mazoezi na batri iliyochoka, kwa sababu roboti huenda kwa uzito na vidole vya mwendeshaji vinazoea mwendo usio wake. Bora mizunguko minne ya batri iliyojaa.

Kwenye mechi yetu ya mwisho kitu kilikwama tena pembeni. Kijana akasema "toka" kabla sijafungua mdomo, na msichana alikuwa ameshageuza roboti.