Picha 312 na mkia mmoja

Jana Ndutu, karibu na Serengeti, nimejua kwamba duma hamsubiri mtu arekebishe kamera. Tulikaa saa mbili tukimtazama amelala chini ya mgunga, mimi nikampiga picha za usingizi kwa kasi ya shata ya 1/250 (yaani kamera inafunguka kwa sehemu hiyo ya sekunde), nikajisahau hapo hapo bila kuibadilisha. Ghafla akainuka, swala tomi akatimka, vumbi likapaa. Nikabonyeza mfululizo kama mwendawazimu. Picha 312, zote zina ukungu, na moja ina mkia tu. Tena mkia wenyewe nusu!

Dereva wetu, mkongwe wa mbuga, akacheka: "Mdogo wangu, akiinua kichwa tu, wewe uwe umeshafika 1/2000."

Jioni nyumbu wakapita mbio. Nikafanya kinyume kabisa: nikashusha hadi 1/30, nikamfuata mmoja kwa lenzi, kiuno kikigeuka taratibu pamoja naye, injini imezimwa ili gari lisitetemeke. Kati ya hamsini, moja imekubali. Kichwa kimetulia, miguu na nyasi vimekuwa mistari kama rangi iliyopakwa kwa brashi. Ndiyo hiyo hapo chini. Ile ya mkia naitunza mwenyewe, msiniombe.