Nilivyoacha kuchanganya nondo weupe wa barazani

Naishi Maryland huku Marekani, na kila ikifika mwezi wa tano taa ya barazani inajaa nondo, wale wadudu kama vipepeo wa usiku, weupe pee, wana manyoya mazito shingoni utadhani wamejifunga shali. Miaka miwili nzima nilikuwa naandika wote jina moja, Spilosoma virginica. Kumbe nilikuwa nachanganya spishi nne tano.

Kosa langu ni kwamba nilikuwa naangalia madoa ya kwenye mabawa, na madoa yanadanganya jamani. Virginica mmoja ana vidoa viwili vitatu, mwenzake hana hata kimoja, na Hyphantria cunea, spishi nyingine nyeupe, wa kaskazini mara nyingi ni mweupe mtupu wakati wa kusini anaweza akawa amejaa madoa, sasa utashika lipi?

Kilichonitoa ni tumbo na miguu ya mbele. Namfunika nondo na kikopo cha plastiki kinachoonyesha, namweka kwenye friji dakika kumi hivi anatulia, nampiga picha na simu juu, ubavuni na chini, halafu namrudisha kwenye majani gizani, akipata joto anaruka zake.

Hapo ndo mambo yakafunguka. Virginica tumbo lake lina njano ubavuni na vidoa vyeusi. Spilosoma congrua tumbo jeupe tu, ila mapaja ya miguu ya mbele yana rangi ya chungwa. Spilosoma latipennis mapaja yake ni ya pinki, na ukimwangalia kwa juu huwezi kujua kabisa, yaani siku namgeuza wa kwanza nilimwita mume wangu aje aone! Estigmene acrea ni mkubwa, tumbo la chungwa lenye madoa meusi, na dume ana mabawa ya nyuma ya chungwa wakati ya jike ni meupe, mi nilidhani ni spishi mbili.

Aliyenitesa ni Hyphantria, maana naye tumbo mara nyingi jeupe na mapaja ya chungwa kama congrua, ni mdogo kidogo tu. Nikachukua viwavi wake kwenye ule utando wanaofuma mwishoni mwa matawi, nikawalisha majani ya mti uleule mpaka wakawa pupa, ile hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo, boksi nikaliacha nje baridi yote, mwaka uliofuata wakatoka nondo na safari hii nilikuwa nawajua kwa uhakika, nikawapima nikawalinganisha na picha zangu.

Kwenye vitabu vya zamani nondo hawa utawakuta kwenye familia ya Arctiidae, siku hizi wamehamishiwa Erebidae, familia ndogo ya Arctiinae, kwa hiyo usishtuke ukiona majina mawili.

Picha za zamani nimezirudia zote. Zile zisizoonyesha tumbo wala miguu nimeandika "nondo mweupe" basi, jina la spishi nimelifuta.