Pai ya cheri kwa jiko la mkaa

Jamani, pai imeiva!

Dada kaja na chupa ya cheri, vile vitunda vyekundu, kutoka Dar, zimeshatolewa kokwa. Miti yake hupenda nchi za baridi, hivyo huku Kirumba, Mwanza, tutakula za chupa tu.

Nikachuja ile juisi, nikaichemsha na sukari na konifulawa (wanga wa mahindi) hadi ikawa nzito, ndipo nikarudishia matunda. Ganda la pai: unga wa ngano, siagi, maji ya baridi, chumvi kidogo. Basi!

Makaa mengi juu ya mfuniko, machache chini.

Mama alipokata, wekundu ule ukachuruzika polepole kwenye sahani nyeupe. Akalamba kijiko, akasema, "Mwanangu, niwekee na cha kesho."

Nimefurahi mno!

Wana Mwanza, nataka kujaribu na nanasi. Nani kashafanya? Juisi yake mnaipunguzaje?